Njia namba 73

Desemba 2016 nilikuwa Munich, mwaka wa pili wa uzamivu, na simulesheni mia moja zilikuwa zinakimbia kwenye kompyuta za chuo. Zote zilisubiri tukio moja: thaimini mbili (thaimini ni mojawapo ya herufi nne za DNA) zinazopakana kwenye uzi zishikane baada ya kupigwa na mwanga wa urujuanimno. Hilo ni miongoni mwa majeraha ya kwanza jua linayoyaacha ndani ya seli ya ngozi. Mdogo wangu wa mwisho amezaliwa na ualbino. Amekulia Mwanza chini ya kofia pana na nguo za mikono mirefu, na wakati ule kopo la Kilisun, losheni inayotengenezwa Moshi, lilikuwa halikosekani kwenye meza yake ya kusomea. Sikuliandika hilo kwenye maombi ya utafiti, lakini ndilo lililonifikisha pale.

DNA hujilinda vizuri mno. Thaimini ikishameza fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, elektroni zake hupanda kwenye hali ya msisimko, kisha karibu kila mara hushuka salama na nishati yote ikaishia kuwa joto. Vipimo vilivyochapishwa 2007, kwenye uzi wa thaimini 18, vilionyesha kuwa katika kila fotoni 100 zinazomezwa, hazifiki 3 zinazoleta mshikamano. Na ukitokea, unatokea ndani ya pikosekunde moja hivi, sehemu moja ya trilioni ya sekunde.

Nilitumia mbinu ya mwanakemia John Tully ya 1990. Viini vya atomu vinakwenda kwa kanuni za Newton juu ya uso mmoja wa nishati, yaani ramani ya milima na mabonde ya hali moja ya elektroni, na kila hatua inapigwa kura: molekuli ibaki hapo au irukie uso mwingine. Hatua yangu ilikuwa nusu femtosekunde (femtosekunde 1,000 ni pikosekunde moja), kwa hiyo pikosekunde moja ni hatua 2,000. Kila hatua ilikula dakika tatu. Yaani saa 100 kwa njia moja tu, ndivyo tunavyoita simulesheni moja, na njia nyingi zinaisha bila kitu.

Usiku mmoja, saa tano, nikafungua faili la njia namba 73. Umbali kati ya kaboni mbili ulikuwa unateremka: 3.9, 3.1, 2.4, halafu ukatulia kwenye angstromu 1.6, urefu wa kifungo cha kemia (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Zimeshikana! Nikamtumia mdogo wangu ujumbe wa sauti bila kukumbuka kwamba kwao ni saa saba usiku. Alfajiri akajibu, "Hongera dada. Sasa mtaizuiaje?"

Asubuhi ile ndipo nilipoangalia safu ya nishati. Jumla ya nishati inapaswa kulala sawa mwanzo hadi mwisho, kwa sababu hakuna anayeisukuma molekuli kutoka nje. Kwenye hatua ya 311 ilikuwa imeruka elektronivolti moja na nusu kwa mpigo, nishati nyingi kwa molekuli. Hesabu ya elektroni ilikuwa imepoteana, na zile thaimini zilikuwa zimesukumwa na kosa langu, si na mwanga. Nikiri kwamba nilikaa na ile namba nusu siku nzima. Moja kati ya mia ingekaa vizuri kwenye mchoro, jirani kabisa na kipimo cha 2007. Kisha nikaiondoa, nikamwandikia mdogo wangu kwamba nilikosea.

Zikabaki njia 99, na hakuna hata moja iliyoshika. Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha: kama uwezekano ni 2.8 kwa 100, kile kipimo cha 2007, kutoona kitu mara 99 mfululizo kunaweza kutokea kwa bahati tu, kiasi cha mara 6 katika 100. Hivyo ukimya ule haukuthibitisha lolote. Nilipompelekea msimamizi wangu, aliniuliza swali moja: zote zilianzia wapi?

Zote zilianzia kwenye umbo nadhifu la kitabuni, kila ngazi ya DNA imepindwa digrii 36 kutoka inayofuata, nami nimelitikisa kidogo tu. Jibu lilikuwa ndani ya kasi yenyewe. Ndani ya pikosekunde moja thaimini haipati nafasi ya kugeuka ikamtafuta jirani. Lazima ziwe zimekaana vizuri mwanga unapofika. Unadra niliokuwa nautafuta kwenye msisimko ulikuwa gizani, kabla ya fotoni.

Nikauacha uzi ujipinde wenyewe gizani kwa nanosekunde nyingi (kila moja ni pikosekunde 1,000), kazi rahisi kwa kompyuta, nikachagua mikao michache ambayo vifungo maradufu vya kaboni vimelala sambamba na karibu. Nikaipiga mwanga mikao hiyo, nikiweka kumbukumbu ya jinsi kila mkao ulivyo adimu ili nisije nikaupa uzito usio wake. Machi, tatu zilishikana. Nilikagua safu ya nishati kabla ya umbali, na imekuwa desturi yangu tangu siku hiyo.

Nilimtumia mdogo wangu picha, mchana safari hii. Akauliza jua liko wapi hapo. Nikamwambia lilishapita, femtosekunde 400 nyuma.