Misumari Iliyong'oka Bila Kupinda

Masika yalipokuwa yamekolea, upepo wa usiku mmoja uliyang'oa mabati mawili ya upande wa jikoni nyumbani kwetu na kuyatupa kwenye migomba ya jirani. Asubuhi nilipokuwa nikiokota misumari uani, niliona jambo lililonisumbua kuliko hasara yenyewe: hakuna hata mmoja uliokatika, na mingi ilikuwa imenyooka kama siku ilipotoka dukani. Fundi mzee tuliyemwita aliuviringisha mmoja kati ya vidole vyake, akasema, "Mwanangu, hii ni misumari ya mbao. Bati lina misumari yake."

Msumari wa kawaida hushika kwa msuguano. Unapopigiliwa, nyuzi za mbao husukumwa kando na kubaki zikiubana pande zote, kwa hiyo hustahimili vizuri mzigo unaouelemea kwa ubavu, lakini ukivutwa kwa njia ileile uliyoingilia, kizuizi chake ni huo mbano tu. Upepo unapopita juu ya paa hulivuta bati kwenda juu, yaani kuelekea huko huko msumari ulikotokea. Zaidi ya hayo, mbao zetu zilipigiliwa zikiwa mbichi, na zilipokauka na kusinyaa mbano ule ulilegea, huku bati likitanuka kwa jua na kujikunyata usiku, mwaka baada ya mwaka.

Misumari aliyokuja nayo fundi ilikuwa na kofia pana, washa ya mpira chini ya kofia, na mwili uliosokotwa ili mbao ipate mahali pa kuushikilia. Aliipiga yote juu ya mgongo wa mkunjo wa bati, kwa kuwa maji ya mvua hupita bondeni na tundu lililoko bondeni litavuja tu. Alipofika kwenye ubao wa pembezoni mwa paa, ule mafundi wanaouita fishabodi, alianza kuusimamisha kila msumari kichwa chini juu ya jiwe na kuigonga ncha yake pigo moja jepesi. Nilimwuliza sababu. Ncha kali huingia kama kabari na kuzitenganisha nyuzi, na karibu na mwisho wa ubao kabari hiyo huupasua. Ncha iliyobutuliwa huzikata nyuzi na kujitengenezea njia. Nimeishi miaka mingi nikidhani msumari mkali ndio bora.

Siku hiyohiyo tulirekebisha bawaba za mlango wa jikoni, na hapo zilihitajika skrubu, kwa sababu bawaba ya juu huvutwa kutoka kwenye fremu muda wote mlango unaponing'inia. Thredi za skrubu huuma mbao kiasi kwamba ili itoke, lazima nyuzi zenyewe zichanwe. Fundi alitoboa kwanza tundu jembamba, akaisugua skrubu kwenye kipande cha mshumaa, ndipo akaikaza kwa bisibisi. Huniuma sana kuona mtu akiigonga skrubu kwa nyundo kama msumari, kwani huzivunjavunja nyuzi zilezile ambazo zingeishika.

Bolti ina tabia nyingine kabisa. Nati inapokazwa, bolti huvutika kidogo mno, kiasi kisichoonekana kwa macho, na kwa kutaka kurudi kama springi huvibana vipande viwili visiteleze. Ikilegea, vipande huanza kucheza na kuigonga kwa ubavu hadi ichoke na kukatika. Ndiyo maana nati za gurudumu la gari hukazwa kwa kuvushana upande huu na ule, kisha hukazwa tena baada ya safari fupi. Kwenye baiskeli, pedali ya kushoto ina thredi za kinyume ili mwendo wa mguu usiifungue, na asiyelijua hilo huhangaika na spana akizidi kuikaza.

Nikiwa chini nimeishika ngazi, niliwaza juu ya mitepe ya Lamu, vyombo vya baharini vya zamani ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba bila msumari. Ushonaji huo ni wa kale sana katika pwani yetu, kwani hata jina Rhapta, bandari iliyotajwa na Wagiriki katika karne ya 1, linatokana na neno lao la kushona. Kamba ilikiacha chombo kijikunje kidogo kilipopigwa na wimbi au kilipopandishwa mchangani, na mbao hazikupasuka kwenye viungo. Waliokibuni walijua vizuri ni nguvu ipi itakayokijia na kutoka upande gani.

Mabati ya baraza bado yameshikwa na misumari ile ya zamani. Nimeshanunua kilo mbili za misumari ya bati, na fundi ameahidi kurudi kabla ya vuli.