Siku Moja Maishani Mwangu: Kulea Kundi la Hisabati

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya kutoka nyumbani kwangu Igoma kuwahi daladala, nilifungua kundi letu la WhatsApp la hisabati na kufuta yaliyoingia usiku: tangazo la mikopo, video ya mahubiri na katuni za siku ya kuzaliwa. Sina ugomvi na mahubiri. Ila mwanafunzi aliyeazima simu ya mama yake kwa dakika ishirini, tena kwa bando la kuungaunga, akikuta swali lake limefunikwa na video tatu, kesho harudi.

Chini ya takataka hizo nilikuta ujumbe wa kijana wa kidato cha pili kuhusu hesabu niliyokuwa nimeitatua kundini: “Shikamoo mwalimu. Mstari wa tatu umegawanya kwa namba hasi lakini alama ya ‘kubwa kuliko’ hujaigeuza.” Alisema kweli. Ningeweza kuufuta mstari wangu kimyakimya, lakini niliuacha palepale, nikaandika chini yake kwamba nimekosea na kwamba kijana ndiye aliyeliona kosa.

Kuanzia saa mbili hadi saa nane nilikuwa darasani, na hapo sina jipya la kusimulia.

Saa tisa, mwenzangu alitaka kutuma kundini majibu kamili ya mitihani iliyopita ya NECTA, baraza letu la mitihani. Nilimwomba asubiri, kwa sababu kila majibu kamili yanapotumwa, kundi hunyamaza siku mbili: watu wananakili na kuondoka. Nilimkumbusha kwamba mwaka 2009 mwanahisabati wa Uingereza, Timothy Gowers wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alipowaalika watu kutafuta pamoja, kupitia intaneti, uthibitisho mpya wa nadharia moja ngumu, aliwataka watoe mawazo mafupi, hata yasiyoiva. Uthibitisho ukapatikana baada ya wiki kadhaa na ukachapishwa kwa jina la pamoja, D. H. J. Polymath. Mwenzangu alicheka, akasema sisi si Cambridge. Lakini hakutuma.

Saa mbili usiku, simu za wazazi zikiisharudi nyumbani, kundi lilichangamka. Binti mmoja wa Ukerewe alituma picha ya daftari: (x + 3)² = x² + 9. Watatu walikuwa tayari wanaandika jibu, nikawasihi wampe nafasi, kisha nikamwambia aweke 1 mahali pa x. Upande mmoja alipata 16, wa pili 10. “Sasa kosa liko wapi?” akauliza. Mvulana mmoja akamwambia afikirie uwanja wa mraba wa kuanikia dagaa, unaoongezwa mita tatu kwa urefu na mita tatu kwa upana: je, kilichoongezeka ni ile kona ya mita za mraba tisa peke yake? Zikapita dakika nne. “Kumbe kuna vile vipande viwili vya pembeni! Kila kimoja 3x.” Mimi nisingepata mfano mzuri kama huo.

Saa nne, nikikaribia kuzima simu, namba ambayo haijawahi kusema neno tangu iingie kundini ilituma picha: (x − 3)² = x² − 6x − 9. Chini yake, kwa penseli: “Uwanja nimeupunguza, ila kona inanisumbua.”

Sikujibu. Nilimwachia binti wa Ukerewe.