Mkweche wangu na baridi ya Makete

Hilux yangu ni ya mwaka 1994, dizeli, injini ya aina inayoitwa 3L. Niliinunua Dar, na muuzaji aliisifia hivi: "Hii haichemshi kamwe, thamostati tulishaing'oa." Thamostati ni kivali kwenye njia ya maji ya kupozea injini. Nikaona nimeokota dodo.

Anayeijua Makete mwezi wa saba hahitaji kuhadithiwa. Alfajiri majani ya upande wa Kitulo yameparara kwa sakitu. Napiga starta, injini inazunguka kivivu, moshi mweupe unaochoma macho unajaa uani, jirani anafunga dirisha. Siku nyingine betri inakata roho kwanza. Wapo wenzangu wanaosogeza jiko la mkaa chini ya injini. Mimi penye oili inayovuja na mipira ya dizeli sipeleki moto, hata unilipe.

Fundi wangu wa Njombe, mzee asiye na maneno mengi, alianza na plagi za hita. Dizeli haina cheche. Hewa ikibanwa ndiyo inapata moto wa kuwasha mafuta, na chuma cha baridi kinaunyonya moto huo. Kwa hiyo plagi nne zinapasha kwanza. Akapima kwa mita: mbili zimekufa. Na mimi kila asubuhi nasubiri kwa adabu kitaa cha njano cha plagi hizo kizime!

Kisha akauliza mshale wa joto unafika wapi. Nikamwambia haujawahi kukaribia katikati.

"Thamostati?"

"Iling'olewa Dar, mzee."

"Basi hukununua gari, umenunua friji."

Bila thamostati, maji yanapita kwenye rejeta tangu injini inapowaka, yanapozwa kabla hayajapata moto. Akafunga mpya ya nyuzi 82. Maji hayafunguliwi kwenda rejeta mpaka yakaribie hapo. Jioni ile, narudi, mshale ulipanda na kutulia. Hita ya ndani, ambayo mke wangu alikuwa akiiita feni, ikatoa joto.

Kadibodi bado naichomeka mbele ya rejeta asubuhi kuzuia upepo wa baridi, nusu tu, na kuitoa kabla ya kupanda mlima na viazi. Wiki jana niliisahau, mshale ukaanza kupita katikati. Nikasimama nikaichomoa, ina joto kama mkate. Shangazi niliyempa lifti akaninyang'anya, akaikalia mpaka Njombe.