Alfajiri ya Miungu huko Mylapore

Desemba ile nilimpeleka mama Chennai, kusini mwa India, kwa matibabu. Tulipanga chumba Mylapore, mtaa mkongwe uliolizunguka hekalu la Shiva la Kapaleeshwarar. Usiku wetu wa tatu, saa kumi na nusu, sauti za waimbaji zilipita chini ya dirisha. Mama akainuka kitandani, akauliza, "Ni daku?" Kwa sisi wa Tanga, nyimbo za saa hiyo hazina maana nyingine.

Nikashuka. Mwenye nyumba, ambaye wote tulimwita Amma, alikuwa ameinama kizingitini akichora kolam. Alishafagia na kunyunyiza maji. Unga wa mchele ulichuruzika kati ya vidole vyake: nukta kwanza, kisha mstari mmoja mrefu ukazunguka kila nukta. Katikati akaweka kidonge cha kinyesi cha ng'ombe, juu yake ua la boga. Sisimizi walikwishaanza kuuchukua unga. Akaniambia ni sadaka yao.

Huo ulikuwa Margazhi, mwezi wa Watamil unaoanza katikati ya Desemba na kwisha katikati ya Januari. Amma alinieleza huku mkono ukichora. Mwaka wetu mzima kwa miungu ni siku moja: miezi sita jua likienda kusini ni usiku wao, sita likirudi kaskazini ni mchana. Margazhi ndio mwezi wa mwisho wa usiku huo, yaani alfajiri yenyewe. Ndiyo maana harusi hazifungwi. Si kwa mkosi, kama nilivyodhani mwanzo. Mwezi umeachiwa ibada. Katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, mungu Krishna anasema kwamba miongoni mwa miezi yeye ni Margashirsha, jina la Kisanskriti la mwezi huo.

Waliopita dirishani waliimba Tiruppavai, beti 30 za Andal, ubeti mmoja kwa kila alfajiri. Andal aliishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mwanamke pekee kati ya Alvar 12, washairi waliompenda mungu Vishnu kupita kiasi. Humo wasichana wanagongeana milango, waamshane wakaoge. Ubeti wa pili ndio ulionishika: hatutakula samli, hatutakunywa maziwa, hatutapaka wanja, hatutatia maua nywelini. Mimi niliyekuzwa kwa wanja na asumini nilijua uzito wa nadhiri hiyo. Nilimtafsiria mama, ambaye daktari alikuwa amemkataza karibu kila anachokipenda. Alinyamaza kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo alikuwa macho kabla waimbaji hawajafika.

Siku ya 27 ubeti unageuka. Wasichana wanaomba mapambo, nguo mpya, na wali wa maziwa ulioloa samli hadi itiririke kiwikoni. Amma alinichukua hekalu la Parthasarathy, Triplicane. Mimi si Mhindu, nikabaki nje, miguu peku juu ya jiwe baridi, nikisikiliza kengele. Akatoka na akkaravadisal ya moto: mchele, maziwa, sukari guru na samli tele.

Nilimpelekea mama kijiko kimoja kwenye kipande cha jani la mgomba. Alikula polepole, akalamba vidole, akauliza kama kesho watapita tena. Nikamwambia watapita. Zilikuwa zimebaki beti tatu.