Farasi wangu alikuwa anapitisha ulimi juu ya lijamu, nilivyopambana nayo

Nina farasi jike wa miaka 9, karibu mwaka mzima kila nikimpanda alikuwa anarudisha ulimi nyuma halafu anaupitisha juu ya lijamu, kile chuma cha mdomoni kinachofungwa kamba za hatamu, na ukishapita hapo basi tena, kichwa kinaenda juu, hatamu hasikii, ulimi unaning'inia pembeni kama tambara. Watu wakasema mkaidi huyo, kaza mkanda wa pua, ule unaozunguka pua na taya kuzuia mdomo usifunguke. Nikakaza. Akaanza kusaga meno na kutikisa kichwa, mi nikakaza tundu lingine, ujinga mtupu nikikumbuka.

Kilichonishtua ni siku nimekaa tu namwangalia anavyokula. Mdomo wa juu unachambua nyasi kama vidole, ulimi unasogeza nyuma kwenye magego, taya linazunguka. Ila wangu alikuwa anatafunia upande mmoja na kudondosha matonge ya nyasi yaliyotafunwa nusu. Nikaita daktari wa mifugo, akamchoma sindano ya kumtuliza, akafungua kinywa akanionyesha. Kumbe taya la juu la farasi ni pana kuliko la chini, na meno yanaendelea kuchomoza kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, kwa hiyo magego yakisagana kingo za nje za juu na za ndani za chini zinabaki kali kama wembe. Za chini zilishamchana ulimi, za juu zilikuwa zinachana mashavu, na mkanda wangu ndo ulikuwa unayagandamiza hapo hapo. Niliona aibu. Akazipiga tupa, akasema lijamu weka kando mpaka vidonda vipone.

Wiki 3 nikampanda bila lijamu, hatamu zinashika puani tu. Muda huo nikaanza kukichunguza kinywa chenyewe. Lijamu inakaa kwenye ule uwazi usio na meno kati ya meno ya mbele na magego, nami siku zote nilidhani humo ndani nafasi ipo kibao, kumbe ulimi umejaa kinywa kizima. Ya kwangu ilikuwa nene, kiungo kimoja katikati, ukivuta pande zote inajikunja inaubana ulimi, tena niliifunga chini mno, yaani nilimwachia mlango wazi wa kuupitisha ulimi juu. Nikachukua nyembamba kiasi iliyopinda kuupa ulimi nafasi, nikaipandisha tundu moja, mkanda wa pua nikauacha vidole viwili vipite juu ya mfupa wa pua.

Daktari aliniambia pia ulimi umeshikana na kimfupa cha kooni chenye misuli inayoshuka hadi kifuani, ukibanwa hata hatua zinafupika, nikaona ananiongezea chumvi. Siku ya kwanza na lijamu mpya akatembea hatua ndefu sijawahi kuziona!

Siku hiyo aliupitisha ulimi mara moja tu, nikasimama nikalegeza hatamu, akaurudisha mwenyewe. Sasa hivi anatafuna lijamu taratibu, midomo ina mate kidogo. Shida iliyobaki ni mkono wangu wa kushoto, unavuta bila mi kujua, na ukivuta tu ananitolea ulimi upande huo huo.