54 ya Ruth na 54 ya Ohtani

Jumamosi nilikwenda na mpwa wangu kwenye makumbusho ya besiboli ya Ligi za Weusi, pale mtaa wa 18 na Vine, hapa Kansas City. Ana miaka 14, ni mdakaji katika timu ya mtaani kwao, na wiki nzima alikuwa ameshikilia hoja moja tu: kwamba Shohei Ohtani ndiye mchezaji bora kuliko wote waliowahi kushika gongo. Mimi nilikuwa upande wa Babe Ruth. Nimerudi nyumbani hoja yangu ikiwa imepungua nguvu, na ninataka kuiandika kabla sijalala.

Hoja yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka 1920, msimu wake wa kwanza na New York Yankees, Ruth alipiga homurani 54, yaani mara 54 aliupiga mpira ukavuka uzio wa uwanja. Mwaka 2024 Ohtani naye alipiga 54 akiwa na Los Angeles Dodgers. Hesabu ni ile ile, lakini uzito wake haulingani, kwa sababu mwaka 1920, kati ya timu nyingine 15 za ligi kuu, ni Philadelphia Phillies pekee ambayo wachezaji wake wote kwa pamoja walimpita Ruth, ilhali mwaka 2024 hapakuwa na timu ambayo haikupiga zaidi ya mara mbili ya 54, na Aaron Judge peke yake alifikisha 58. Siku zote nimeamini kwamba mchezaji hupimwa kwa wale aliosimama nao uwanjani, kwa kuwa mpira, gongo, viwanja na hata kimo cha kichuguu anachosimama mrushaji vimebadilika mno kiasi kwamba haifai kumtoa mtu katika zama zake na kumtupa katika zama nyingine.

"Lakini Mjomba," mpwa wangu aliniambia tukiwa garini, "Ohtani mwaka huo huo aliiba besi 59, yaani alikimbia hadi kituo kinachofuata bila kungoja mwenzake apige, na hakuna aliyewahi kufikisha homurani 50 na besi 50 za kuiba katika msimu mmoja kabla yake." Nilikubali. Nikamkumbusha tu kwamba Ruth naye alianza kama mrushaji, akashinda michezo 94 kwa mkono wake wa kushoto.

Ndani ya makumbusho kuna uwanja mdogo wenye sanamu za shaba za wachezaji, kila mmoja katika nafasi yake, lakini mgeni haruhusiwi kuingia moja kwa moja. Kwanza anauona kupitia wavu wa waya, kama ule wa banda la kuku, kisha anazunguka maonyesho yote, na mwishoni kabisa ndipo anapofika uwanjani. Mpwa wangu alisimama kwenye wavu muda mrefu, vidole vikiwa ndani ya matundu, akimtazama mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji. Ni Josh Gibson, nyota wa Ligi za Weusi.

Katika kuzunguka huko ndipo nilipokutana tena na mwaka wangu wa 1920. Mwezi Februari mwaka huo, katika jengo la YMCA lililo jirani na hapo, Rube Foster na wenye timu wenzake waliunda Ligi ya Taifa ya Weusi, kwa kuwa ligi kuu zilikuwa zimewafungia mlango wachezaji weusi. Nilikuwa nikiujua mwaka huo kwa Ruth, na nilikuwa nikiijua ligi hiyo pia, ila sikuwahi kuviweka vitu hivyo viwili kwenye mizani moja. Wale aliosimama nao Ruth, ambao kwao ninampimia ukuu wake, walikuwa wamechaguliwa kwa rangi. Pengo kati yake na wenzake ni la kweli, na sitalikana, lakini ni pengo lililopimwa katika uwanja ambao warushaji na wapigaji wengi hodari walizuiwa kuukanyaga. Ohtani, mzaliwa wa Iwate nchini Japani, anakabiliana na Wadominika, Wavenezuela, Wakuba na Wamarekani wa kila rangi. Pengo lake ni dogo zaidi, na sasa ninaliona kuwa zito zaidi.

Tangu Mei 2024 takwimu za Ligi za Weusi zimo rasmi katika kumbukumbu za ligi kuu, na wastani wa Gibson wa kupiga, 0.372, yaani mapigo salama kama 37 katika kila zamu 100 za kupiga, umempita Ty Cobb, aliyeshikilia rekodi hiyo kwa 0.367. Wapo wanaolalamika kwamba misimu ya ligi hizo ilikuwa mifupi. Ilikuwa mifupi kweli, kwa sababu timu zililazimika kuzunguka miji na vijiji zikicheza michezo ya nje ya ligi ili wachezaji wapate riziki, na michezo hiyo haihesabiwi. Kibao cha Gibson katika ukumbi wa heshima wa Cooperstown kinasema alipiga karibu homurani 800. Kumbukumbu rasmi zinampa chini ya 200. Alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, na tarehe 15 Aprili mwaka huo huo Jackie Robinson, aliyewahi kuchezea Monarchs, timu ya Ligi za Weusi ya hapa hapa Kansas City, akaingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, Mweusi wa kwanza wa zama hizi katika ligi kuu. Miezi mitatu tu! Jambo hilo linaniuma kila ninapolifikiria.

Mwishoni tulifika uwanjani. Mpwa wangu hakwenda kwa mpigaji wala kwa mrushaji. Alichuchumaa kando ya Gibson, mabega yao yakalingana, akatazama mbele hadi kwenye kichuguu aliposimama mrushaji Satchel Paige. Akaniuliza kama ni kweli hawa wawili walikabiliana. Nikamwambia ndiyo, katika fainali za 1942, na kwamba mara moja, besi zote zikiwa zimejaa, Paige alimshinda Gibson, akamtoa. Akabaki amechuchumaa, mkono wa kushoto ameunyoosha mbele kama mwenye glavu.