Siku tulipoiwasha M20 ya Ami

Mama, mjane wa Ami, alipomaliza eda, miezi minne na siku kumi, alimtuma mjukuu wake atuite. Pikipiki ya marehemu, BSA M20, ilikuwa ingali ukumbini, pale pale alipoiegesha kabla ya kuanza kuugua. "Bibi asema njooni muiwashe," mtoto alituambia. "Ataka kuisikia kabla haijaamuliwa iende kwa nani."

Ami ndiye aliyekuwa mkubwa wetu katika kikundi cha pikipiki za zamani hapa Malindi, kwa umri na kwa ujuzi. M20 yake ilikuwa ya zile zilizoundwa kwa ajili ya jeshi la Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia: silinda moja, cc 496, valvu zimekaa ubavuni mwa silinda, nguvu za farasi 13 tu. Nyuma haina springi kabisa. Zinazookoa mgongo wa mwendeshaji ni springi za kiti. Aliiita punda, na hakuwa akiitukana.

Tulifika wanne, asubuhi ya Jumamosi. Ilikuwa imefunikwa kipande cha tanga kuukuu la jahazi. Mkononi mwa Ami nailoni haikugusa pikipiki, kwa sababu hufungia jasho la usiku ndani, na kwetu hapa, hasa wakati wa kusi, jasho hilo lina chumvi. Hata kuiosha aliiosha kwa maji ya mfereji au ya mvua. Maji ya kisima hayakuikaribia. Tulipolivuta lile tanga tukakuta rimu zina madoa machache ya kutu na spoku zote zingali na utando wa grisi aliyoipaka kwa kidole, moja baada ya moja.

Tulianzia kwenye oili, kama alivyotufundisha. Tangi la oili lilikuwa karibu tupu, na mmoja wetu akashika mkebe ajaze. Hapo ndipo wengi huharibu. Oili ya M20 hukaa katika tangi lake pembeni, si ndani ya injini, na pampu ndiyo inayoipeleka na kuirudisha. Ikisimama muda mrefu, oili hupenya polepole kwenye gia za pampu zilizolika na kwenye kigololi cha valvu kisichokaa sawasawa, ikajaa chini ya injini. Ukiongeza nyingine juu yake, siku ya kuwasha itatafuta pa kutokea: moshi mweupe mtaa mzima, plagi imelowa, na oili yatoka kila penye nafasi. Basi tukaweka beseni chini, tukafungua kizibo. Ilitoka karibu lita moja na nusu, nyeusi, baridi. Baada ya hapo ndipo tukajaza mpya, namba 50, maana nyepesi kuliko hiyo kwa joto la pwani yampa mzee huyu shida.

Petroli ya zamani tuliimwaga yote. Ilikuwa imegeuka rangi na kunuka kama rangi ya mbao. Bomba la tangi likaanza kudondosha mara tu tulipotia mpya, jambo tulilolitarajia: ndani yake mna kizibo cha koki, na koki ikikauka husinyaa. Tulikichomoa, tukakitia katika kikombe cha maji ya moto yaliyotoka jikoni kwa Mama, tukakiacha robo saa. Kilivimba, kikaziba. Ami hakupata kununua kizibo kipya kabla ya kukichemsha cha zamani mara mbili.

Kabureta ilitushangaza. Pikipiki iliyolala muda kama ule, petroli hukaukia ndani ikaacha gundi ya manjano, na tundu la jeti ndogo, linalopitisha petroli, huziba kabisa. Tulikuwa tumekuja na uzi wa mshipi wa kuvulia kwa ajili hiyo, kwa kuwa waya wa chuma hupanua tundu na ukishalipanua hulirudishi. Tukafungua chemba ya boya: kavu, safi, haina gundi. Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu, tukaifunga tukaendelea.

Kisha moto, yaani cheche ya plagi. Tulitoa plagi, tukailaza juu ya silinda na waya wake, tukapiga kiki. Cheche ilikuwa nyekundu na legevu. Kijana wetu akataka kugusa taimingi, yaani wakati cheche inaporuka, akazuiwa. Taimingi ya injini iliyozimwa ikiwa nzima haijihamishi yenyewe. Kinachobadilika ni uso wa pointi (vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke), ambao huota utando kwa hewa ya bahari. Tulizisugua kidogo kwa msasa laini kabisa, tukapitisha karatasi safi katikati yake mpaka ikatoka bila alama, tukapima mwanya: milimita 0.3. Plagi tukaiweka 0.5. Tulifungua pia kishikio cha kaboni ubavuni mwa magneto, kile kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, tukaingiza kitambaa chenye petroli huku mwingine akizungusha injini taratibu, kitambaa kifute ile pete ambayo kaboni hugusa. Vumbi la kaboni likichanganyika na unyevu huiba moto kabla haujafika kwenye plagi. Tulipopiga kiki tena, cheche ilikuwa ya buluu na ilisikika.

Aliyekuwa mkubwa baada ya Ami ndiye aliyepanda. Alifungua petroli, akabonyeza kibonyezo cha kabureta mpaka petroli ikachungulia. Akarudisha nyuma wenzo wa moto ulio kwenye usukani, ule unaoifanya cheche iwahi au ichelewe, kwani ukiusahau mbele, kiki hurudi kwa nguvu na kifundo cha mguu ndicho kinacholipa. Akasukuma kiki polepole mpaka akahisi injini imekaza. Hapo akavuta wenzo unaoinua valvu, akaipitisha kidogo tu, akaachia, akairudisha kiki juu. Kisha akakanyaga mara moja, kwa uzito wake wote, bila papara.

Mara ya kwanza haikuwaka, wala ya pili. Ya tatu ikakohoa, ikashika.

Mlio wa M20 ukiwa taratibu una nafasi katikati, unaweza kuuhesabu. Hakuna aliyesema neno. Tulifungua kifuniko cha tangi la oili tukachungulia: oili ilikuwa ikirudi kwa mikupuo yenye mapovu, kama ipasavyo. Isingerudi katika dakika ya kwanza, tungeizima papo hapo.

Tukaipeleka hadi daraja la Sabaki na kurudi, wengine wetu tukiifuata nyuma. Hatukuvuka kwenda Mambrui, ingawa ndiyo iliyokuwa njia yake. Magneto hizi za zamani, ile lakabu iliyofunika nyaya zake ndani hulainika kwa joto. Huwaka vizuri ikiwa baridi, kisha hufa ukiwa mbali na kivuli. Ami mwenyewe alikuwa akisubiri chini ya mti nusu saa nzima ipoe, bila kuigusa kwa spana.

Tuliporudi, aliyepanda aliifikisha mbele ya baraza na kuizima kwa wenzo wa valvu. Mama alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango. Tukamsikia akishusha pumzi.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Lakini yeye hakuizima hivyo. Alikuwa akifunga petroli kule kwenye kona ya msikiti, ikija ikimalizika pole pole, mpaka ikanyamaza hapa mlangoni. Nikisikia inaanza kukatakata, naweka chai mezani."

Kijana wetu aliinama, akafunga bomba la petroli. Kisha tukaisukuma mpaka kona ya msikiti, tukaiwasha upya.